Haitiki akiitwa, haongei: hatua za kufuata kabla hujakubali kuwa ni usonji

"Mama, mwanangu ana miaka miwili na miezi minne. Nikimwita hageuki. Maneno hana. Anaweza kukaa saa nzima akizungusha tairi la gari la plastiki. Ni usonji?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi limeshajibiwa na jirani, na mwalimu wa chekechea au na video ya dakika moja kabla halijanifikia. Nimeona niliandikie jibu refu mara moja.

Huenda ni usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano. Lakini ziko hali nyingine nyingi zinazomfanya mtoto aonekane vilevile kwa nje. Baadhi zina dawa, nyingine zina kifaa, na mbili tatu hazisubiri hata mwezi mmoja.

Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu niliambiwa ana usonji baada ya mazungumzo ya robo saa. Hakuna aliyempima masikio, nami sikuomba, kwa sababu ngoma ikipigwa mtaani alikuwa anakimbilia dirishani. Alipenda kubandika kiganja kwenye spika ya redio na kutulia hapo muda mrefu. Tukasema ndiyo zile tabia zao. Miaka miwili baadaye mwalimu mmoja wa elimu maalumu alimtazama akila, akanivuta pembeni: "Mama, mtoto huyu anakusoma midomo." Alipopimwa, masikio yote mawili yalikuwa karibu hayasikii kitu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo aliyougua akiwa na miezi minane. Ile ngoma alikuwa akiipata kwa nyayo, na redio kwa kiganja.

Siandiki haya ili umkatae mtoto mwenye usonji au ukimbie jina hilo. Watoto wengi watapita hatua zote hizi na jibu litabaki kuwa usonji. Hapo utakuwa na jibu la uhakika, na hutabaki ukijiuliza usiku.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Kadi ya kliniki ya mtoto, hata kama imechanika
- Daftari dogo la mtoto huyu peke yake
- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha
- Video na picha za zamani za mtoto, tangu akiwa mchanga
- Mtu wa pili anayeshinda naye: bibi, dada wa kazi, kaka yake mkubwa. Wao huona usiyoyaona wewe
- Wiki mbili za kutazama bila kugombana na mtoto

Lakini ukiona mboni nyeupe ya hatua ya 3, au dalili zilizotajwa kwenye hatua ya 4 na ya 5, usisubiri hizo wiki mbili. Nenda hospitali.

Hatua ya 1: Andika historia yake kwenye ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja tu, kwa sababu daktari mwenye foleni ya watu arobaini hatasoma mitatu. Jibu haya: Alilia mara tu alipozaliwa? Alizaliwa njiti? Alikuwa na manjano makali siku za kwanza? Alilazwa na kuchomwa sindano, kama jentamisini, kwa siku nyingi? Aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au malaria kali iliyompandisha kichwani akapata degedege au kuzimia? Mama aliugua homa yenye vipele mimba ikiwa changa? Aliwahi kuanguka vibaya akaumia kichwa? Ana selimundu?

Kila swali hapo lina sababu. Manjano makali, uti wa mgongo, jentamisini na rubela ya mimba vinaweza kuharibu usikivu. Malaria ya kichwani inaweza kuacha kifafa na matatizo ya lugha. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Selimundu inaweza kuleta kiharusi kwa mtoto mdogo, na aliyekuwa akiongea akanyamaza.

Kisha andika miezi: alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lini, alianza lini kukuonyesha kitu kwa kidole. Usikisie. Tafuta kwenye video za zamani; tarehe zimo ndani ya simu.

Hatua ya 2: Masikio, kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto asiyesikia vizuri haitiki jina lake, hachangamani na wenzake, anapiga kelele akikosa njia ya kusema anachotaka, na anacheza peke yake. Yote hayo yamo pia kwenye orodha ya usonji.

Jaribio la nyumbani lifanye hivi. Mtoto awe amekaa chini, ametulia, anacheza. Mtu mmoja awe mbele yake akimshughulisha kimya kimya. Wewe simama nyuma, hatua mbili tatu, mahali ambapo kivuli chako hakimfikii. Kunjakunja karatasi ya pipi. Ngoja. Koroga kijiko ndani ya kikombe. Ngoja. Tamka "sss" na "shh" taratibu, halafu mwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine.

Makosa ya jaribio hili ni haya. Usipige makofi karibu naye, upepo unamfikia shingoni. Usipige mguu sakafuni, atahisi mtikisiko. Usisimame mlangoni penye mwanga, kivuli chako kitamfikia. Na usiseme "anasikia, pikipiki ikipita anageuka." Wapo watoto wanaosikia milio mizito, ngurumo, lori na ngoma, lakini sauti nyembamba kama s, f na sh haziwafikii. Mtoto wa namna hiyo anasikia kwamba unaongea, ila hapati maneno.

Akifaulu jaribio la nyumbani bado hujamaliza. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwanza achunguzwe nta, usaha, na maji yaliyojikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio. Maji hayo hayaumi, hayatoki nje, na yanaweza kuzima usikivu kiasi kwa miezi. Kisha omba kipimo kisichohitaji mtoto ajibu, kile anachofanyiwa akiwa amelala huku waya zimebandikwa kichwani. Mahospitalini wanakiita BERA au ABR. Kipimo cha "inua mkono ukisikia mlio" hakimfai mtoto wa miaka miwili.

Kuna tofauti moja niliyojifunza kwa kutazama, ingawa si kipimo. Mtoto asiyesikia mara nyingi anatafuta uso wako. Mwanangu alikuwa ananishika kidevu na kukigeuza kwake. Anaashiria, anaigiza, anakuvuta uone. Mtoto mwenye usonji mara nyingi anashika mkono wako na kuupeleka kwenye kopo la biskuti bila kukutazama usoni. Lakini wapo watoto viziwi wenye usonji pia, kwa hiyo usitoe hukumu kwa alama moja.

Hatua ya 3: Macho

Mtoto asiyeona vizuri hakutazami machoni, anayumbayumba, na wengine hujibonyeza macho kwa vidole. Mwangalie kama anafuata tochi au mwanasesere ukimpitishia polepole. Ukiona mboni nyeupe, au kwenye picha ya flashi jicho moja linang'aa jeupe badala ya jekundu, nenda kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa inatibika.

Hatua ya 4: Tafuta kifafa kisichoonekana

Wengi wetu tukisikia kifafa tunafikiria kuanguka na kutoa povu. Kuna kifafa cha kuduwaa: mtoto anasimama ghafla katikati ya jambo, macho yanaganda, kope zinapepesa kidogo, sekunde kumi hivi, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu anaandika "hana umakini, yuko kwenye dunia yake." Akiduwaa, mguse bega na umwite. Aliyezama kwenye mawazo ataitika. Mwenye kifafa hataitika mpaka kipite.

Kwa mtoto wa miezi 3 hadi 12 kuna kingine kibaya zaidi. Akiamka usingizini anajikunja kama anayeshtuka, mikono inafunguka, anatulia sekunde chache, anarudia, mara kumi au zaidi mfululizo. Watu husema ni chango au mshtuko wa kawaida. Piga video, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kila wiki inayopita bila dawa inaugharimu ubongo wake, na wengi waliochelewa huja kuonekana baadaye kama watoto wenye usonji.

Na kwa mtoto wa miaka 3 hadi 7 aliyekuwa akiongea vizuri, kisha akaanza kutoelewa maneno mpaka mkadhani amekuwa kiziwi, kuna ugonjwa wa Landau-Kleffner, uliotajwa mara ya kwanza mwaka 1957. Ubongo wake unawaka umeme usio wa kawaida hasa usiku. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kifanyike mtoto akiwa usingizini. Cha mchana akiwa macho kinaweza kuonekana safi.

Hatua ya 5: Uliza kama kuna alichokuwa nacho akakipoteza

Kuchelewa na kupoteza ni vitu viwili tofauti, na daktari atataka kujua ni kipi.

Kupoteza maneno machache kati ya miezi 15 na 24 hutokea kwenye usonji wenyewe. Lakini mtoto akipoteza kutembea, kumeza au kutumia mikono, au akipoteza lugha baada ya miaka mitatu, usikubali jina la usonji pekee.

Kwa msichana, tazama mikono. Kuna ugonjwa wa Rett, uliopewa jina la daktari Andreas Rett aliyeuandika mwaka 1966. Jeni yake, MECP2, ilijulikana mwaka 1999. Mtoto anakua vizuri, halafu kati ya miezi 6 na 18 anaanza kurudi nyuma. Mikono inaacha kushika vitu na inabaki ikisuguana katikati ya kifua, kama anayefua nguo, muda wote akiwa macho. Kichwa kinapunguza kasi ya kukua, ndiyo maana nasema beba kadi ya kliniki: vipimo vya kichwa vikiwa vimeandikwa humo, vinasema mengi.

Hatua ya 6: Damu

Omba vitu viwili vitatu tu. Cha kwanza ni tezi ya shingo, TSH. Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi huwa mpole kupita kiasi, analala sana, choo kigumu, kitovu kimejitokeza, ulimi mkubwa, sauti nzito. Wazazi humsifu kuwa hasumbui. Dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku, na ikianza wiki za mwanzo ubongo unaokolewa. Ikichelewa bado inasaidia mwili, lakini akili hairudi yote.

Cha pili ni wingi wa damu na madini ya chuma, hasa kama anakula udongo.

Cha tatu ni madini ya risasi, kama mnaishi karibu na mahali panapoyeyushwa betri chakavu, kama baba ni fundi betri anayerudi na nguo za kazi nyumbani, au kama mtoto anabandua rangi za zamani ukutani na kula. Mkazi yeyote wa Mombasa anaukumbuka mtaa wa Owino Uhuru, ambako Phyllis Omido aligundua mwanawe ana madini ya risasi mwilini, akapigana mpaka kiwanda cha kuyeyusha betri kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Risasi inaharibu usemi, umakini na tabia bila alama yoyote kwenye ngozi. Na huku pwani niongeze wanja: baadhi ya wanja tunaowapaka watoto machoni una risasi. Acha kumpaka.

Hatua ya 7: Tazama maisha yake ya kila siku

Hatua hii inauma, lakini ipite kwa ukweli. Anaamka, anawekewa katuni, anakula akitazama katuni, analala nazo. Nani anaongea naye kwa siku nzima? Simu haileti usonji. Ila mtoto aliyekosa mazungumzo anaweza kuonekana kama mwenye usonji. Watoto waliolelewa kwenye vituo vya yatima vya Romania kabla ya 1989 bila mtu wa kuwashika, kisha wakachukuliwa na familia za Uingereza, walifuatiliwa na daktari Michael Rutter na wenzake. Baadhi walikuwa na tabia zilizofanana kabisa na usonji, na kwa sehemu yao zilipungua walipopata malezi.

Ondoa skrini kwa miezi mitatu. Kaa naye sakafuni dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, uso kwa uso, taja anachoshika: "kikombe, kikombe chekundu, tia maji." Andika mabadiliko kila Jumapili. Wakati huo vipimo vingine viendelee, visisubiri.

Jingine la nyumbani: mtoto anayeongea vizuri na bibi yake lakini shuleni hatamki neno mwezi wa tatu sasa, mara nyingi ana hofu inayomfunga mdomo mbele ya watu. Mrekodi akiongea nyumbani, mwalimu asikie.

Hatua ya 8: Piga video sita fupi

Dakika moja kila moja: akila, akicheza peke yake, akiwa na watoto wenzake, akiitwa jina mara tatu kutoka nyuma, akitaka kitu asichokifikia, na tukio lolote la ajabu. Usimwelekeze. Chumba cha daktari kinamgeuza mtoto; nimeona watoto wachangamfu wakijificha chini ya meza, na wenye shida kubwa wakitulia kwa sababu wamepewa funguo za kuchezea.

Hatua ya 9: Sasa nenda kwa daktari bingwa wa watoto

Beba ukurasa wako, majibu ya masikio na video. Mtoto wa miezi 16 hadi 30 anaweza kufanyiwa M-CHAT-R, maswali 20 ya ndiyo na hapana. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 ya kati, 8 kwenda juu kubwa. Hicho ni chujio tu. Mtoto asiyesikia anaweza kupata alama kubwa, na ndiyo sababu masikio yametangulia.

Muulize daktari maswali haya matatu kama yalivyo: "Umeondoaje ukiziwi? Umeondoaje kifafa? Je, anaelewa vitu vingine kulingana na umri wake, au kila kitu kimechelewa pamoja?" Swali la tatu linatenganisha usonji na ulemavu wa akili, ambapo mtoto amechelewa kote lakini anatafuta watu, anacheka nao, anakuonyesha vitu kulingana na kiwango chake. Linamtenganisha pia na mtoto aliyechelewa lugha peke yake, ambaye hana maneno lakini anaigiza kupika, anampa mwanasesere uji, anafuata kidole chako ukimwonyesha ndege. Kama kuna wajomba upande wa mama wenye uzito wa kuelewa, taja. Jeni ya FMR1, ambayo ikiharibika huleta ulemavu wa akili, hupita njia hiyo.

Usifanye haya

Usikate kimeo. Usikate kiuzi cha chini ya ulimi ukidhani ndicho kimefunga maneno. Udata, yaani kiuzi hicho kikiwa kifupi, unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi, lakini haumfanyi mtoto asielewe wala asiitike. Watoto wamefika hospitali wakivuja damu na wengine na pepopunda kwa sababu ya wembe huo.

Usinunue dawa ya "kusafisha sumu za usonji", wala matone ya kunywa yenye klorini. Ni kemikali ya kuulia vijidudu.

Usiache chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha. Na rubela inayozuiwa na chanjo hiyohiyo ndiyo inayozaa watoto viziwi na wenye mtoto wa jicho.

Usimkataze bibi kuongea Kisambaa au Kijaluo naye. Lugha mbili hazileti usonji.

Ukikwama

*"Daktari anasema nisubiri, wavulana huchelewa."* Kuchelewa kwa wavulana ni kwa wiki au miezi michache. Hana neno hata moja akiwa na miezi 18? Mwambie: "Nitasubiri, lakini naomba rufaa ya masikio leo."

*"Hospitali yetu haina BERA."* Omba rufaa ya mkoa au ya kanda. Huku ukingoja, ishi naye kama asiyesikia: shuka usawa wa uso wake, mguse kwanza, onyesha kitu unachokitaja, tumia ishara za mkono. Hazimzuii mtoto yeyote kuongea.

*"Hakulala, kipimo kikashindikana."* Mwamshe saa kumi alfajiri, asisinzie garini, mnyonyeshe au mlishe palepale kwenye chumba cha kipimo. Kama watampa dawa ya usingizi, fuata masharti yao ya kula na kunywa.

*"Pesa hazitoshi vyote."* Anza na masikio. Kisha TSH. EEG kama kuna alama za hatua ya 4 au kurudi nyuma. Picha ya ubongo ya MRI na vipimo vya jeni vije baadaye, na viwe na sababu iliyotamkwa.

*"Nimeambiwa ana vyote, usonji na kifafa."* Inawezekana kabisa, na hutokea mara nyingi. Dawa ya kifafa isiachwe kwa sababu tabia za usonji zimebaki.

*"Vipimo vyote viko safi."* Basi tathmini ya usonji ifanyike kikamilifu, na mtoto aanze tiba ya lugha na tiba kazi (mazoezi ya shughuli za kila siku). Usisubiri barua ya shule ndiyo uanze.

*"BERA ilionyesha hasikii, lakini alikuwa na mafua na maji masikioni."* Maji yatibiwe kwanza, kisha kipimo kirudiwe. Ni kweli kinachosha kurudi foleni ileile, lakini jibu la siku ile ni la sikio lenye maji, na shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, halinunuliwi kwa jibu hilo.